Kurudi Nyuma na Mtamba wa Shangazi Wakesho

Shangazi Wakesho wa Bura alifiwa na ng'ombe wake wakati wa kiangazi, na tangu hapo chai kwake ilikuwa ya rangi. Aliposikia kuna mtamba mwenye mimba anauzwa Njukini, aliniomba nimpeleke. Shemeji yangu Mwakio, hapa Voi, akatuazima pikapu yake mpya na trela. Nilikubali kwa wasiwasi, maana kurudisha trela nyuma kulinishinda siku zote: ukikata kulia, yenyewe inaenda kushoto.

Kabla sijaondoka, Mwakio alinionyesha kitufe cha duara karibu na gia. Ukirudi nyuma, alisema, achia usukani, zungusha hiki upande unaotaka trela iende. Gari litakata usukani lenyewe. Wewe kazi yako ni mafuta na breki. Niliitikia tu.

Bura nikamchukua Shangazi. Tulipopita Maktau, ndovu wekundu kwa vumbi walikuwa wamesimama karibu na barabara, lakini yeye alitaka tu kujua kama mtamba atakuwa mpole.

Njukini, mwenye mtamba, Baba Njeri, alitulisha githeri ya mahindi na maharagwe, kisha akampandisha mtamba kwenye trela akimsemesha taratibu. Alituonya tusimrusherushe, kwani siku zake za kuzaa zilikuwa zimekaribia.

Alasiri tulikuwa tunapanda vilima vya Bura. Mvua ilikuwa imenyesha huko, na baada ya kona ya pili tukakuta udongo umeporomoka, umeziba njia yote. Kushoto ukuta wa mlima, kulia bonde. Mahali pa kugeuzia palikuwa chini, nyuma ya zile kona mbili. Mtamba akaanza kupiga mateke, trela ikayumba.

Nikaweka gia ya nyuma, nikaachia usukani, nikazungusha kitufe kidogo. Usukani ukaanza kuzunguka mbele ya kifua changu, bila mkono wa mtu. Ulienda huku, ukarudi, ukatulia, ukaenda tena, na kwenye skrini ya kamera ya nyuma nikaona trela ikiifuata kona kama inayoijua. Mguu wangu ulibaki kwenye breki.

"Mghoi, shika usukani," Shangazi alisema.

"Nikiushika, utaacha kutusaidia."

Alitazama bonde. Kisha akasema polepole, "Basi usishike."

Tulipofika pa kugeuzia, niligeuza gari. Tukazunguka kwa njia ya juu hadi nyumbani. Mtamba aliposhuka, Shangazi alimwekea kiganja tumboni, akangoja, kisha akatabasamu: ndama alikuwa anacheza. Jirani akauliza nani aliyeendesha. Shangazi akasema ni Mghoi. Akanitazama, akaongeza, "Na mwingine."

Kesho yake nilirudi Voi. Mwakio aliniuliza kama kitufe kilifanya kazi. Nikamwambia kilifanya, na kwamba nimejifunza kuwa kutoshika kitu nako ni kazi, tena ngumu kuliko kushika. Gari liliujua usukani. Lini na wapi pa kusimama, liliniachia mimi.