Toroli la Shangazi

Siku ya kwanza nilipomwona alikuwa akileta mitungi miwili ya gesi kwa pamoja, mmoja kila mkono. Ameiinamisha kidogo, inabingirika kwa ukingo wa chini kama walevi wawili wanaosindikizwa nyumbani. Mimi nimesimama mlangoni pa karakana na barua yangu ya kazi.

"Salamu baadaye, baba. Sogea," akasema. Nilikuwa hata sijafungua mdomo.

Wote walimwita Shangazi, ingawa hakuwa na ndugu pale. Mimi aliniita Kimya, jina likanikaa. Alikuwa fundi wa kuchomelea kwa gesi, na desturi ya karakana ilikuwa moja: anayechomelea ndiye anayejiletea mitungi yake miwili, wa oksijeni na wa gesi ya kuwaka, kutoka stoo, hatua themanini juu ya sakafu iliyopasuka.

Miaka kumi na minne baadaye bega lake la kulia lilikataa. Mkono haukupanda tena kupita kiuno bila maumivu. Akawa anasukuma mtungi mmoja, anapumzika, anarudia wa pili. Wenzake wanafika nusu ya kazi, yeye ndiyo kwanza anawasha. Msimamizi akamwambia mbele yetu kwamba asipowahi hadi mwisho wa mwezi, abaki nyumbani. Na nyumbani alikuwa na mama yake, kitandani mwaka wa tatu, hana mwingine wa kumlisha.

"Kimya, tuunde punda," akaniambia.

Tuliliunda toroli saa za chakula, tukiwa hoi. Mimi nikikata mabomba, yeye akiyaunga. Magurudumu tuliyatoa kwenye mashine ya zege iliyokufa zamani. Nilipotaka kupaka grisi kwenye ekseli, alinipiga kofi mkononi.

"Grisi na oksijeni ni wake wenza. Ukiwalaza chumba kimoja, nyumba inaungua."

Basi toroli likawa linalia njia nzima. Mishikio tuliipima kwake: akasimama, mikono ikining'inia, nami nikatia alama ya chaki vidole vilipofika.

Likafanya kazi. Kesho yake saa mbili kamili mitungi ilikuwa mahali pake. Msimamizi alitazama saa yake, akaenda zake. Shangazi akakaa juu ya ndoo, akafumba macho kwa muda.

Haukupita muda wanaume wakaanza kuliazima. Walirudi wameshika viuno kwa kuinama.

"Shangazi, hili umeliundia kuku?"

"Nimemuundia aliyefikiria kuliunda. Wewe ulikuwa wapi?"

Toroli lilipofika mwezi wa tatu, msimamizi akaniita. Toroli ni mali ya karakana, alisema, na mafundi saba hawawezi kuvunja migongo kwa ajili ya mmoja. Niinue mishikio. Ningeweza kumwambia tuunde la pili, vyuma vipo tele. Nikasema, "Sawa, bosi." Niliikata na kuirefusha Jumamosi, Shangazi akiwa amempeleka mama yake hospitali.

Jumatatu alilisogelea, akainua mkono. Mkono ukaishia njiani. Akashika bomba la katikati, akavuta. Mitungi haikuinama hata kidogo. Hakuna aliyetania siku hiyo. Nilijifanya natafuta msumeno.

Alirudi kusukuma mtungi mmoja mmoja. Mwisho wa mwezi akakunja aproni yake ya ngozi, akaitia kwenye mkoba pamoja na miwani.

Alipita nilipokuwa, kando ya toroli, kuaga. Tangu alfajiri nilikuwa nimepanga namna ya kumwomba radhi, neno kwa neno. Nikaweza kusema tu, "Shangazi."

Aliinama kwenye toroli, akapitisha kidole gumba juu ya mshono wangu, pale bomba jipya lilipokutana na la zamani, taratibu, akauzunguka wote.

"Umechomelea vizuri, Kimya," akasema. "Huu hautaachia."