Mwalimu Aliyewafukuza Ndege Kwenye Insha

Saa moja kasorobo asubuhi, kabla kengele haijalia, mwalimu wa Kiswahili ameshakunja mikono ya blauzi. Mbele yake kuna madaftari arobaini na matatu ya kidato cha pili. Anafungua moja, anasoma mstari kwa sauti, anaguna.

"Ndege waliimba kwa furaha. Na hawa nao!" Anacheka. "Madaftari kumi na saba, ndege ni walewale. Hawachoki?"

Wanafunzi wanamwita Mama Ulisikia Nini. Jina hilo lilianza miaka kumi na miwili iliyopita, kwa mwanafunzi mmoja, binti aliyekariri mianzo yote ya kijitabu cha insha za mfano. Aliandika kuhusu mazishi ya bibi yake, akaanza na jua linalotabasamu na ndege wanaoimba. Darasa zima likaangua kicheko.

Mwalimu hakucheka. Alimtoa nje, wakakaa ngazini.

"Siku ile ulisikia nini, mwanangu?"

"Bati la jikoni, mwalimu. Upepo ulikuwa unaligonga. Na mama alikuwa anaosha vyombo vilevile, mara ya tatu."

"Basi andika hivyo. Ndege waache wapumzike."

Leo binti huyo ni mwandishi wa habari redioni. "Niliandika huku nalia," anakumbuka. "Sikujua kama mambo ya nyumbani kwetu yanafaa kuingia kwenye insha."

Baada ya wiki sita mwalimu anastaafu. Amefundisha miaka thelathini na mmoja. Mkuu wa shule hajapata wa kushika nafasi yake, akaamua kile kijitabu cha insha za mfano, ambacho mwalimu alikiondoa darasani tangu siku ile, kirudi: watoto wakariri, wafaulu.

"Niliishiwa nguvu," mwalimu anasema. "Nikaona kazi yangu yote inafutwa kama ubao."

Binti aliposikia, alimwomba bosi wake asubuhi mbili kwa wiki, kisha akamfuata mkuu wa shule kuomba afundishe yeye. Amepewa muhula mmoja wa majaribio. Alama zikishuka, kijitabu kinarudi.

Leo anajaribu somo lake la kwanza. Mwalimu amejibana kwenye dawati la nyuma, magoti juu.

"Mama, usinisahihishe mbele yao," binti anamnong'oneza.

"Mdomo nimefunga. Wewe endelea."

Dakika tano hazijaisha, mwalimu keshanyoosha kidole. Darasa linacheka, naye anakishusha kwa aibu.

Muhula ujao, anaapa, hatakanyaga shuleni. Kila Jumamosi binti atamletea madaftari nyumbani, wayasome pamoja. Na alama je?

"Naomba zisishuke," mwalimu anasema. "Ila zikishuka, angalau zitakuwa za watoto wenyewe."