Nyuma ya Mlango wa Baba Mkwe

Kwa watu wa mume wangu, waliotoka milima ya Ileje, mke wa mwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Haingii chumba alimo wala hasemi naye moja kwa moja. Siku hizi wengi wameuacha mwiko huo. Baba mkwe wangu hakuuacha, na nilipouliza sababu, mume wangu alijibu, "Utazoea." Sikuzoea. Nilisoma mpaka chuo kikuu nikihoji kila kitu, kisha nikaja Tunduma kuishi nyuma ya mlango.

Mlango wenyewe ulitenganisha jiko na chumba cha mbele, ambamo mzee alifanya kazi ya uwakala wa forodha. Nje, malori ya kwenda Zambia yalipanga foleni. Ndani palikuwa na meza na kompyuta moja ya zamani. Neno lake la siri la kuingilia mfumo wa forodha ndilo lililotulisha sote. Mwingine akilipata angeweza kutoa mizigo kwa jina la mzee, na leseni ingekuwa imekwisha.

Asubuhi moja nilikuwa namenya viazi. Simu ya mzee ikaita, akaiweka kwenye spika kama kawaida, maana sikio lake moja halisikii vizuri.

"Shikamoo mzee wangu. Tunapiga kutoka kitengo cha kompyuta. Mashine yako ina virusi."

"Marahaba. Hata mimi naona inajikokota," alisema, kwa sauti ya mgonjwa aliyefikiwa na daktari.

Kitengo gani? Cha nani? Kompyuta ile ingejikokota hata bila virusi. Nikampigia mume wangu aliyekuwa mpakani; hakupatikana. Mama mkwe alikuwa kijiji cha Ruanda, msibani. Upande wa pili wa mlango, kijana wa kwenye simu alikuwa akimwelekeza mzee bonyeza hapa, bonyeza pale.

Nilibaki na njia moja inayoruhusiwa: kusema na kitu ili yeye asikie.

"Wewe jiko," nikapaza sauti, "wezi wa siku hizi wanaamkia kwanza?"

Mzee akajibu: "Mlango, waambie wa jikoni wapike. Mimi nina mafundi."

"Jiko, hebu huyo fundi aulizwe bosi wake anaitwa nani!"

"Nani huyo, mzee?" simu ikauliza.

"Ni jiko," akajibu.

Siku nyingine ningecheka.

"Sasa naiona mashine yako kutoka huku, mzee wangu. Andika lile neno lako la siri, taratibu tu."

Nilishika kitasa. Mtu asiye na uso alikuwa amefika mpaka mezani kwake na kumwita mzee wangu, na mimi niliyempikia kila siku sikuweza kuvuka kizingiti. Nikasikia kidole chake kikigonga herufi ya kwanza, kikitafuta ya pili.

Nikaachia kitasa, nikatokea uani, nikazunguka hadi kwenye mita iliyo ukutani chini ya dirisha lake, nikashusha swichi kubwa.

"Aa! Umeme umekatika."

"Hakuna shida, mzee. Usikate simu, tunasubiri urudi."

Hakukata. Nikabanana na ukuta, mkono kwenye swichi, kichwa nimekiinamisha asinione. Kuingia siwezi, kuondoka siwezi. Nikiwasha, wanaendelea. Hapo ndipo nilipousikia muziki wa saluni ya jirani ukiunguruma, umeme wao uko palepale.

Mzee naye aliusikia. Kiti chake kililia. Nikangoja anifokee.

"Kijana," akasema hatimaye, "bosi wako anaitwa nani?"

"Mzee wangu, tusipoteze muda—"

"Jina tu."

Simu ikakatwa. Si yeye aliyeikata.

"Dirisha," akasema, "mwambie aliyeshika umeme asiurudishe kwanza. Mwanangu akija aisafishe hii mashine. Na aliyeko huko nje arudi ndani, jua kali."

Kisha akavuta pazia, ili nipite bila kuonana naye. Nikapita, nikarudi nyuma ya mlango, kwenye viazi vyangu.