Daktari wa Kwenye Video

Harufu ya petroli ya jenereta ya mjukuu wangu imenirudisha Elwak leo, kwenye hoteli ya chai tulikojazana kutazama mchezo wa Kiingereza wa daktari mlevi kwenye video. Mke alikuwa amemkimbia, na hospitali ilikaribia kumfukuza. Mimi pekee nilikuwa nasoma shule, kwa hiyo niliwatafsiria wafugaji kwa Kisomali.

“Amekunywa tena, mjinga huyu?” aliuliza ayeeyo, bibi yangu, akipangusa macho yake yenye ukungu.

Alikuwa amekunywa. “Ameacha,” nikasema. “Sasa anafungua macho ya vipofu.”

Hoteli nzima ikalipuka kwa furaha. Chai ikamwagika, wazee wakamwombea daktari dua.

“Basi huyu ndiye atanipasua macho,” ayeeyo akasema. “Lori la kunipeleka hospitali Garissa kesho liende bila mimi. Atafika huku?”

Nilijua ni mwigizaji tu. Lakini wote walikuwa wananitazama mimi, na moyo ulikuwa unanienda mbio kwa raha.

“Atafika, ayeeyo.”

Lori likaondoka. Mwaka uliofuata ayeeyo hakuona tena, nami nilikuwa namshika mkono kumpeleka hotelini, akae mbele kabisa, nimweleze daktari amefika wapi.