Uji wa Mzazi

Fundi wa Makambako alinipigia simu asubuhi moja nikiwa nimempakata mtoto, titi moja nje, nywele zimesimama kila moja na upande wake. Alitaka vipimo. Mdogo wangu alikuwa anafanyiwa sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, vitenge vya sare vilishanunuliwa, na mshono ulishachaguliwa na kamati ya wasichana ambao hawajawahi kuzaa. Ni mshono unaobana kuanzia kwapani hadi magotini, halafu huko chini ndiyo unakumbuka kuachia.

"Dada, unakuja lini nikupime?"

"Kunipima ya nini? Tumia vile vipimo vya zamani," nikamwambia. "Sijabadilika sana."

Mara ya mwisho fundi kuniona nilikuwa na mimba kubwa, nimekaa kwenye benchi lake nikashindwa kuinuka mpaka nikavutwa mikono. "Haya, dada," akasema, "mwenye mwili ni wewe." Nikakata simu, nikamwangalia mtoto, naye akaniangalia. Hata yeye hakuniamini.

Ndivyo nilivyojiponza kwa mdomo wangu mwenyewe. Nguo ilikuwa inashonwa ya mtu niliyekuwa kabla ya mimba, na mimi nilikuwa na wiki chache tu za kumrudisha huyo mtu.

Tatizo la kwanza lilikuwa njaa. Wote walioniambia kwamba kunyonyesha kunapunguza mwili hawakuniambia kwamba kunaleta njaa ya mtu aliyeshinda shambani na jembe. Mtoto akinyonya upande huu, mkono wangu wa upande wa pili unapapasa kutafuta kiazi. Nilikuwa naweza kula chakula cha mchana huku nawaza chakula cha mchana.

Tatizo la pili lilikuwa mama mkwe. Kwetu mwanamke akijifungua anaitwa mzazi, na mzazi ana mtu wake wa kumtunza. Mama mkwe alitoka Mlangali akashuka Njombe na unga wa ulezi, maharage, kuku waliofungwa miguu, na uso wa mtu aliyekuja kazini. Kwao anasifika kwa kazi hiyo. Amewatunza mabinti zake, wakwe zake, hata majirani, na kazi yake inapimwa kwa njia moja tu: siku mzazi anapotoka nje, watu wanamwangalia mashavu. Yakiwa yamejaa, sifa zinakwenda kwa aliyempikia. Yakiwa yamesinyaa, hakuna atakayemuuliza mzazi. Ataulizwa aliyempikia.

Hili nililijua. Naomba nieleweke, nililijua vizuri kabisa, ila siku hizo nilikuwa nawaza kiuno.

Kila asubuhi aliingia chumbani na kikombe kikubwa cha uji wa ulezi wenye maziwa na karanga, mzito kiasi kwamba kijiko kinasimama chenyewe. "Kunywa, mama. Maziwa hayatoki hewani." Akishatoka, nampa mume wangu.

Siku ya kwanza alisita. "Huu si wa mzazi?"

"Na wewe si mzazi mwenzangu? Kunywa haraka kabla mama yako hajarudi."

Akanywa. Kesho yake hakusita. Keshokutwa yake nikamkuta ameamka mapema, amekaa kitandani, anausubiri. Na supu ya mchana nikawa namwekea sehemu kubwa kwenye kikontena, anakwenda nayo kazini kwake kwenye mbao. Mimi nilikuwa nabaki na maji ya moto yenye limao na tangawizi, mdomo umekunjamana, najisifu moyoni kwamba nina msimamo.

Jioni nilikuwa namfunga mtoto mgongoni, navaa koti, natembea. Njombe ukitaka kutembea hukosi kilima, unakosa tambarare. Njiani kuna uwanja wanaokusanyia parachichi, na pale kuna mzani mkubwa wa chini wa kupimia makreti. Mama anayepima pale tunasali usharika mmoja, na sauti yake kanisani haihitaji kipaza sauti. Siku ya kwanza nilimpa mtu mtoto, nikamwomba nipande.

Akaitangaza namba kama anauza. Namba yenyewe siitaji, mume wangu mwenyewe haijui, ingawa nadhani bodaboda wote wa pale njia panda wanaijua.

"Lo! Hii si mtu, hii ni lumbesa!" akasema, na wanawake waliokuwa wanachambua parachichi wakaangua kicheko. Lumbesa ni lile gunia la viazi linaloshindiliwa mpaka linaota kichwa juu ya mdomo wake. Nikacheka nao. Ningefanyaje? Ukinuna juu ya mzani unaonekana mzito zaidi.

Nikawa napita pale mara kwa mara, na namba ikawa inashuka. Jinsi ilivyoshuka ndivyo yule mama alivyopunguza utani. Siku moja akaniangalia bila kucheka.

"Umepungua tena, mama."

"Asante!"

"Sijakusifu," akasema.

Sikumsikia. Mfupa wa bega ulikuwa umeanza kuonekana kwenye kioo na mimi nilikuwa naupapasa kama mali. Jumapili, baada ya ibada, tulipokuwa tumesimama nje kwenye mnada wa sadaka, wanawake wakawa wananishika mkono mmoja baada ya mwingine. "Pole, mama." Pole ya nini? "Pole tu. Mungu yupo." Nikadhani wananipa pole ya kulea. Mume wangu naye alikuwa pembeni yangu anashindania jogoo kwenye mnada, amenenepa, shingo imeingia ndani ya kola, mashavu yanang'aa. Mtoto mgongoni mwangu naye bonge, maana yeye alikuwa anachukua chake hata kama mimi sijala. Watu walimwangalia baba, wakamwangalia mtoto, wakaniangalia mimi. Na mimi, mjinga wa kutupwa, nikasimama vizuri nikidhani tunapendeza.

Nguo ikaja kutoka Makambako kwa basi. Siku ya kwanza zipu iliishia kiunoni. Nikazidisha limao. Halafu mchana mmoja mtoto amelala, mama mkwe yuko jikoni, nikajifungia chumbani, nikavuta pumzi, nikavuta zipu, ikapanda. Ikapanda mpaka juu! Nililia kwa furaha, ingawa kidogo kidogo, kwa sababu pumzi haikuwepo.

Hapo hapo nikasikia salamu mlangoni: "Hodi! Kamwene!"

Walikuwa wanawake wa usharika, kundi zima, na mbele yao yule mama wa mzani. Walibeba ulezi, mayai, kuku, na nyuso za msibani. Sikupata muda wa kubadilisha, nikatoka hivyo hivyo na nguo ya sherehe. Mmoja aliponiona mifupa ya shingo akafumba macho.

"Tumekuja kumwona mgonjwa," akasema mama wa mzani.

Nikageuka kumtafuta mgonjwa.

Kabla sijafungua mdomo walishapiga magoti kuomba. Wote wakapiga magoti isipokuwa mimi, kwa sababu ile nguo magotini ilikuwa hairuhusu. Wao wakaona nimedhoofu kiasi cha kushindwa hata kupiga magoti, basi wawili wakainuka wakanishika kwapani, huku na huku. "Bwana, umwinue huyu binti yako kutoka katika udhaifu huu," wakaomba, na mimi nikasema amina kwa sauti ndogo, kwa kuwa zipu ilikuwa haitoi nafasi ya kubwa.

Walipomaliza, mama wa mzani akamgeukia mama mkwe, ambaye alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi. "Mama, utanisamehe. Huyu mzazi anakula nini humu ndani?"

"Anakula. Nampikia mwenyewe."

"Basi mbona yeye yuko hivi, na mwanao yuko vile?"

Mama mkwe alijifunga kanga yake upya, ingawa ilikuwa haijalegea, akarudi jikoni.

Wageni walipoondoka nilimkuta amekaa kwenye kigoda karibu na jiko la mkaa, sufuria inachemka na hakorogi. "Nimetunza wazazi wengi," akasema bila kuniangalia. "Wote walitoka wamenawiri. Sasa Mlangali watasikia kabla basi langu halijafika. Watasema nilimlisha mwanangu nikamnyima mtoto wa watu. Mimi! Nitapita wapi?"

Pale niliona aibu, ile aibu inayoshuka mpaka miguuni. Mwanamke huyu aliacha maharage yake shambani yanaelekea kukauka, akaja kunifulia na kunipikia, na mimi nimemchafulia jina kwa ajili ya zipu. Nikamweleza yote: uji, supu, kikontena, limao. Sikuacha kitu.

Mama mkwe akauweka mwiko chini. Wakati huo huo mwanawe akaingia kutoka kazini, akapangusa miguu mlangoni, akauliza kwa sauti ya upole kabisa, "Mama, uji umebaki?"

"Ala!" akasema mama mkwe. "Kumbe mzazi niliyekuwa namtunza ana ndevu!"

Tulicheka mpaka mtoto akaamka. Zipu ya nguo ikapasuka hapo hapo. Halafu mama mkwe akaacha kucheka, akajifuta macho kwa pindo la kanga. "Haya tunacheka sisi humu ndani. Huko nje nitamweleza nani? Siondoki hapa mpaka ujae. Maharage yakiozea shambani, yaoze."

Kuanzia siku hiyo alikuwa hatoki chumbani mpaka aone chini ya kikombe. Mume wangu akawa anapewa chai ya rangi, akawa anatuangalia kama yatima. Nami nikala. Lo, nilikula! Nilikula kwa ajili ya jina la mtu, na niseme ukweli, hata kwa ajili yangu, maana njaa ilikuwa imekaa siku nyingi inanidai.

Sendofu ilipofika, fundi alikuwa ametia zipu mpya, na zipu mpya ilikataa kufunga kama ile ya kwanza. Ikabidi nimfunge mtoto mgongoni juu ya uwazi. Upepo wa Makambako ulivuma jioni nzima, wenzangu wakicheza, na mimi nikawa siwezi kumpa mtu mtoto hata wa kunisaidia dakika moja, kwa sababu zipu yangu ilikuwa ni yeye. Mashangazi wakanisifu kwamba nina malezi.

Mama mkwe alichagua siku ya kurudi kwao, lakini njia ya kwenda stendi akaipitishia makusudi kwenye uwanja wa parachichi. Nilijua kabla hajasema. Nikapata hofu. Nilikuwa nimejaa, ndiyo, ila nimejaa vya kutosha? Je, kama namba haijarudi? Asubuhi ile, kabla hatujatoka, niliingia jikoni nikachagua maparachichi makubwa, nikayashindilia kwenye mifuko ya koti, huku na huku, nikafunga vifungo. Ndiyo, mimi, mnywa limao.

"Mpandishe," mama mkwe akamwambia mama wa mzani.

Nikampa mtu mtoto, nikapanda, nikasimama bila kutikisika. Yule mama akainama kusoma, akasoma tena, akanyanyua mikono. "Lumbesa imerudi!" Wanawake wakapiga vigelegele, wakamshika mama mkwe mikono, wakamwambia ana mkono wa kutunza, wakamwomba msamaha. Yeye akawaitikia kwa heshima, uso mkavu kama wa mchungaji.

Stendi, kabla ya kupanda basi, alinikumbatia. Nikasikia mkono wake unaingia kwenye mfuko wa koti langu. Akatoa parachichi, akalitia kwenye kikapu chake. Akatoa la pili. Akahamia mfuko wa upande wa pili, hana haraka, mpaka koti likawa jepesi.

"Haya ya mfukoni nakwenda nayo," akasema. Akanishika shavu na kulivuta kidogo. "Haya mashavu nimeyaweka mimi. Usimpe mwenye ndevu."

Nilirudi nyumbani na mtoto mgongoni, nalia barabarani bila kujificha. Mezani nikakuta chupa ya chai imefungwa vizuri. Nikaifungua: uji, wa moto bado, karanga zake zote ndani. Sijui aliupika saa ngapi.

Jioni mume wangu aliporudi aliulizia kama umebaki. Nikamwonyesha chupa tupu.