Sola ya Kuanika na Muhogo

Harufu ya muhogo yenye imechacha kidogo, iko inakauka juu ya mwamba, ikinifikia tu puani, niko tena Lurujo, kijiji yetu, miaka ile tulitoka kurudi kutoka Congo, sina viatu na matako haikai chini. Jua ya pale, wacha tu: kuku alikuwa anataga yai yenye imeiva tayari. Lakini msimu ule tuliingoja jua hiyo kama askari anangoja likizo. Sababu ilikuwa mjomba Juma, kitinda mimba wa bibi. Vita ya sabini na tisa ilitutawanya kama mchwa wenye nyumba yao imepigwa jembe. Sisi tukavuka Congo, yeye akapotelea njia ya Sudan. Miaka yote, hakuna habari. Siku moja jirani akaja mbio: amesikia jina ya Juma kwa redio, kwa zile salamu za watu wenye wanatafutana, na wataisoma tena Ijumaa mchana. Redio iko. Mawe yake, yaani betri, ndiyo ilikuwa imekufa. Tuliianika, tukaiuma na meno, wapi. Na duka zote mawe hakuna.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Papa Safari, Mcongomani mwenye alikuwa analala kwetu akitoka soko ya Ariwara, alikuwa na kipande ya sola imepasuka, anaitumia kama kioo ya kunyoa ndevu. Akanipa. Nikapasua mwanzi, nikapanga mawe ndani, nikaunganisha waya ya tochi ya zamani, nikafunga yote na mpira ya baiskeli. Alhamisi asubuhi nikaiweka juu ya mwamba, katikati ya muhogo. Sikutulia. Naenda, narudi, naichungulia mpaka mbuzi walichoka kunitazama. Wanasema haraka haina baraka. Huyo mwenye alisema hakuwa na redio imekufa. Mama akanituma maji. Kurudi, sola imelala kifudifudi.

“Bibi, umeifanya nini?”

“Upande moja imekauka tangu saa sita. Nimegeuza ingine.”

Papa Safari alicheka mpaka akalala chini. Mimi nililia.

Ijumaa ile mawe ilikuwa na nguvu ya mbu mgonjwa. Papa Safari akaitupa, akafunga waya ya sola kwa redio yenyewe, na bibi, kulipia kosa yake, akainua sola juu ya kichwa, mikono miwili. Wingu iko inatoka upande ya Congo, nyeusi. Mama anazunguka nyumba. Redio ikakohoa, ikasema Juma anasalimia mama yake wa Lurujo, na anamwambia kwamba… Wingu ikafika. Kimya. Tulipiga redio, tukaitukana. Bibi akashusha mikono polepole.

“Maiti haitumi salamu,” akasema, akaenda kugeuza muhogo yake.

Kiangazi ingine Juma akafika kwa miguu, mwembamba kama fimbo ya kuchungia, na hasira mbele. Kumbe kwa ile salamu ya redio alisema tumkute Kaya, mpaka ya Sudan. Alingoja mpaka mbwa wa pale wakamjua jina.

“Mbona hamkuja?”

“Ungetaja mahali kwanza, mwanangu,” bibi akamjibu, amemshika shingo. “Salamu ndefu inakutwa na wingu.”

Leo sola kwa bati yangu iko kubwa kama mlango, na simu za wajukuu zimejaa moto usiku na mchana. Juma amezeeka, anakaa Arua, anapiga kila siku kuuliza tumekula nini. Vijana wanatazama jina yake, wanageuza simu kifudifudi. Mimi naacha ugali kwa moto, nakimbia kuipokea, kama ile wingu bado iko inakuja.