Nilimwigiza babu wa rafiki yangu msibani nikijiona mtani

Admin, jina langu lifiche na shule usiitaje, Mtwara tunajuana. Mimi ni kijana wa miaka kumi na nane, niko kidato cha tano, Mhaya, nakaa Rahaleo na wazazi wangu. Kazi ya baba bandarini ndiyo iliyotutoa Bukoba. Wanaotaka kunitukana wanitukane, ila msome mpaka mwisho, maana mwenzenu hata chakula hakipiti.

Nilipohamia hapa darasa zima lilinicheka. Nikifungua mdomo tu, "Nshomile huyo, leo Kizungu kitatumwagikia!" Ndivyo wanavyotutania Wahaya, eti tunajidai wasomi. Aliyebeba begi lake akaja kukaa na mimi ni Hashimu, Mmakonde wa Likombe, kijana mpole ambaye hata ukimkanyaga anaomba msamaha yeye. Halafu akaongezeka Chande. Huyo ni mdomo mtupu, kila kitu anajua yeye, kila msichana wa shule eti anamtaka yeye. Tukawa watatu.

Kilichotuunganisha ni tamthilia moja ya vichekesho ya Uingereza ambayo Chande aliileta kwenye flashi. Ni vijana wa shule, marafiki, hawana bahati na chochote. Wakimfuata msichana wanaumbuka, wakienda sherehe wanaumbuka, na kesho yake wako pamoja tena kama hakuna kilichotokea. Jamani, tulijiona sisi! Tulikuwa tunaiangalia kwa kina Hashimu kwenye laptop yangu, barazani, na babu yake anakaa nasi anabangua korosho. Kizungu hajui hata neno, namtafsiria mimi, lakini anacheka kabla sijamaliza. "Hawa watoto hawajapita jandoni," alikuwa anasema. "Wangepita jandoni haya yote yasingewakuta."

Huyo babu ndiye aliyemlea Hashimu. Alikuwa na mguu mbovu, na kila akitaka kitu anaita kwa sauti ya kukwaruza, "Hashimu! Hashimu we!" Mimi nilikuwa namwigiza mbele yake, navuta mguu, naita hivyo hivyo, na mwenyewe anacheka mpaka anakohoa. Siku moja akasema, "Huyu Mhaya ananijua kuliko mke wangu." Maneno hayo ndiyo yaliyoniponza.

Mwezi uliopita babu akafariki. Tukaenda msibani. Nyie wa kusini mnajua mambo ya watani, mimi nilikuwa sijawahi kuyaona. Kulikuwa na mama mmoja wa Kimakua, mtani wa ukoo ule, mwenye ruhusa ya kimila ya kumtania hata marehemu. Alivaa kofia ya marehemu, akashika bakora yake, akawa anatembea kama yeye huku anamgombeza bibi, "Chai gani hii haina sukari, unataka nife mara ya pili?" Watu wanacheka na machozi yanawatoka, hata bibi mwenyewe. Chande akanipiga kiwiko. "Nenda na wewe, si unamweza kuliko wote? Wahaya na Wamakonde ni watani toka enzi, hujui?" Chande huyo huyo aliyetuambia aliitwa Ulaya kufanya majaribio ya mpira akakataa kwa sababu ya baridi. Na mimi, nshomile mzima, nikamwamini.

Nikasimama. Nikavuta mguu mbele ya wanaume waliokaa kwenye mikeka, nikaita, "Hashimu! Hashimu we!" Siku hiyo niliipata ile sauti kuliko siku zote.

Hakucheka mtu. Hashimu aliinua uso akanitazama, kisha akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwa mtu yeyote, akaanguka chini. Mjomba wake akanishika mkono, "Wewe ni mtani wa nani hapa?" Nikababaika, "Sisi Wahaya..." Yule mama wa Kimakua akavua kofia, akasema taratibu, "Huyu si mwenzetu. Mtoeni." Namtafuta Chande kwa macho, hayupo.

Nyumbani baba alisema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nikadhani kosa langu ni hilo tu, kujitia utani usio wangu. Wiki moja baadaye Chande akaja kunieleza jambo ambalo Hashimu alimwambia baada ya mazishi. Alasiri ile babu alipozidiwa alikuwa anamwita Hashimu. Aliita sana. Jirani ndiye aliyesikia akaja kumtikisa, kwa sababu Hashimu alikuwa chumbani na earphone masikioni, anaangalia ile tamthilia. Earphone zangu. Laptop yangu. Nilimwazima mimi mwenyewe amalizie sehemu zilizobaki. Walipofika kwa babu alikuwa ameshanyamaza.

Halafu mimi nikaenda kumwita tena mbele ya ukoo mzima, kwa sauti ile ile.

Shuleni amehamia dawati la nyuma. Laptop alimpelekea mama yangu nyumbani, akasalimia kwa adabu, akaondoka. Earphone nilizikuta juu ya dawati langu, zimefungwa kwenye karatasi tupu. Meseji zangu anazisoma, hajibu. Kwenye tamthilia kesho yake wangekuwa pamoja. Mimi hiyo kesho yake naingoja, haiji.

Arobaini ni Jumapili ijayo. Mjomba amesema nikikanyaga Likombe atanivunja miguu. Baba anasema nikae ndani, nimeshatia aibu ya kutosha. Mama anasema twende wote nikampigie bibi magoti. Nikienda naogopa kumtonesha Hashimu mbele za watu. Nisipoenda ataona sijali, na mimi sina rafiki mwingine katika mji huu. Niambieni ndugu zangu, hasa nyie mnaozijua mila za huko, niende au nisiende? Na nikienda nianzeje? Nimejaribu kufanya mazoezi ya kumwomba msamaha peke yangu chumbani. Kila nikianza na jina lake, naisikia sauti ya babu, nashindwa kuendelea.